Gari la Safari Lisiachwe Safi

Kila ninapoona modeli ndogo ya plastiki ya gari la Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, imewekwa kabatini inang'aa, bila hata chembe ya vumbi, natamani kumwambia aliyeiunda airudishe mezani, maana kazi bado. Bodi imepigwa rangi vizuri, stika zimekaa sawa, vioo vinaonyesha mpaka usukani. Lakini gari lenyewe halikuwa hivyo. Datsun 240Z ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1971 ilikuwa safi pale jukwaani tu, kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Kuanzia hapo hadi mwisho wa mashindano lilikuwa gari la vumbi, tope na alama za mawe. Hilo ndilo gari lililoshinda, na ndilo ninalotaka kuliona kwenye modeli.

Najua msimamo huu unawaudhi wengi tunaopenda kazi hii. Kuna watu waliofunzwa kwamba modeli nzuri ni ile ambayo ukiitazama unajiona usoni, na wanatumia wiki nzima kuisugua klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, kwa msasa namba 2000 na dawa ya kung'arishia. Nawaheshimu. Kwa Ferrari ya sebuleni au Chevrolet ya mwaka 1957 iliyotunzwa gereji, wako sahihi kabisa. Ninachokataa ni kuichukulia Datsun ya Safari kama Ferrari ya sebuleni.

Kwa ambaye hajawahi kuona kazi hii ikifanywa, boksi la modeli huja na vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu zake. Unavikata kwa koleo ndogo, unavisafisha kwa wembe na msasa, unavibandika kwa gundi inayoyeyusha plastiki yenyewe mpaka vipande viwili viwe kimoja, kisha praima, yaani rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe, stika za kulowesha kwenye maji, na klia juu yake. Skeli, yaani uwiano wa modeli na gari halisi, iliyozoeleka zaidi kwa magari ni 1/24, ambapo nusu inchi inasimama badala ya futi moja. Wamarekani wao wamezoea 1/25. Kwa 1/24, gari la mita nne na ushee kama 240Z linakuwa na urefu wa sentimita 17 hivi, linaenea kiganjani. Hasegawa, watengenezaji modeli wa Japani, wana boksi la gari hilohilo la 1971. Hasegawa na wenzao Tamiya, Aoshima na Fujimi wote ni wa mkoa wa Shizuoka, eneo ambalo kabla ya plastiki lilijulikana kwa kazi za mbao. Tamiya wenyewe walianza mwaka 1946 kwa kupasua mbao, na modeli yao ya kwanza ya plastiki ilitoka mwaka 1960.

Mafundi wa Shizuoka wanapima gari halisi kwa umakini wa ajabu. Karatasi yao ya maelekezo inakuambia hata bolti ipi ipakwe rangi ya fedha. Lakini hakuna karatasi itakayokuambia udongo ulio nyuma ya tairi una rangi gani. Hapo ndipo sisi tuliokulia kwenye barabara za vumbi tuna kitu cha kuongeza, na inanisikitisha tunapokiacha tukaiga modeli za watu ambao hawajawahi kukaa nyuma ya lori kwenye barabara ya moramu.

Nianze na unene, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Rangi ya gari halisi, kuanzia praima mpaka klia, kwa kawaida ina unene unaokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiweka unene huohuo juu ya modeli ya 1/24, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa milimita mbili na zaidi. Mistari ya milango inajaa, vitasa vinapoteza kona zake, na gari linaonekana limevimba. Ndiyo maana napenda kusimama kwenye gereji za mtaani kumtazama fundi rangi akifanya kazi. Fundi mzuri hana papara. Anachanganya thina ya kutosha, anapuliza koti nyepesi ambayo haifuniki kitu, anaiacha ishike, anarudia, na bunduki yake haisimami mahali pamoja hata mara moja. Kwenye modeli ni vilevile, ila kila kitu kiwe chepesi zaidi.

Hesabu hiyohiyo inatumika kwenye vumbi. Punje ya mchanga ya nusu milimita, ukiikuza mara 24, inakuwa jiwe la milimita 12. Nimeona modeli ambazo mwenyewe alichota mchanga uani akaumwagia kwenye gundi iliyopakwa kwenye milango. Gari linaonekana limepigwa lipu ya kokoto. Vumbi la modeli lazima liwe laini kiasi kwamba ukilishika kwa vidole husikii punje. Mimi hutumia udongo wenyewe: naukausha juani, nausaga kwa mgongo wa kijiko, naupitisha kwenye kitambaa chepesi, kisha naurudia tena. Ule unaopita mara ya pili ndio unaofaa. Wengine wanasaga chaki za rangi kwa msasa, na matokeo ni mazuri pia. Vumbi linawekwa kwa brashi laini kavu juu ya klia isiyong'aa, kisha linashikizwa kwa spiriti kidogo inayodondoshwa pembeni ili ijisambaze yenyewe.

Sasa, rangi ipi? Hakuna "vumbi la Afrika", ingawa chupa za rangi zinauzwa kana kwamba lipo. Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya unapata wekundu wake kwenye chuma kilichoota kutu ndani yake, na ukikauka juu ya bodi nyeupe unaacha rangi ya waridi iliyofifia. Udongo mweusi wa mbuga ni kitu kingine kabisa: ukilowa unanata na kujaza matao ya matairi, ukikauka unakuwa wa kijivu na kupasukapasuka. Nenda Naivasha, ambako Safari imekuwa ikifanyika tangu iliporudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, utakuta vumbi jepesi lililotokana na volkano, jeupe linaloelekea kijivu, laini kama unga, ambalo magari huzama ndani yake. Kwa hiyo anayetengeneza Toyota Yaris ya Sébastien Ogier ya 2021 na kuipaka wekundu mtupu, amelipeleka gari kwenye barabara nyingine.

Baada ya rangi linakuja swali la mahali, na hapa ndipo macho yanapohitajika kuliko mikono. Vumbi halikai sawasawa. Gari likikimbia, hewa inapasuka mbele, inapita juu ya paa, na nyuma inaacha nafasi yenye msukumo mdogo inayovuta vumbi lote lililotimuliwa na matairi. Kwa hiyo kioo cha nyuma na taa za nyuma hupotea kabisa, huku paa likibaki na vumbi kidogo tu. Kwenye kioo cha mbele, waipa zinaacha mapande mawili safi na kati yao pembe ya uchafu ambayo hazifikii. Nyuma ya kila tairi kuna mkwaruzo wa changarawe, na ukingo wa mbele wa tao la nyuma umechubuka mpaka praima, maana ndipo mawe ya tairi la mbele yanapogonga. Halafu kuna alama za watu, na hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kifuniko cha mafuta kina duara la usafi kwa sababu ya mikono iliyokifungua. Kitasa cha mlango hivyohivyo. Taa na namba za ubavuni zimefutwa haraka kwa kitambaa pale kituo cha huduma, na alama ya ule mfuto wa mkono inabaki, imepinda, vumbi limesukumwa pembeni. Ukiweka alama hiyo moja tu mahali pake, mtazamaji anajua kulikuwa na watu kwenye gari hilo na walikuwa na haraka.

Kuna watu wanaounda injini ya sita silinda ya 240Z hiyo, wakavuta nyaya za plagi moja moja kutoka kwenye distribyuta kwa mpangilio wake sahihi wa kuwaka, 1-5-3-6-2-4. Waya halisi wa plagi una unene wa milimita saba au nane, kwa hiyo kwenye modeli wanatafuta uzi wa shaba wa milimita 0.3, ule unaopatikana kwenye koili za mota mbovu kwa mafundi redio. Ni kazi nzuri, nami huifanya kwa furaha. Lakini mtu anayejali mpangilio wa plagi chini ya bonati iliyofungwa, kisha akaacha sehemu ya nyuma ya gari, ambayo kila mtu anaiona, ikiwa safi kama siku lilipotoka kiwandani, sielewi uaminifu wake unaishia wapi.

Tope nalo lina heshima yake. Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka. Pasaka kwetu ni masika. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na mwaka 1968 ikawa hivyohivyo, 7 tu. Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, kwenye Peugeot 404. Anayetengeneza gari la mwaka kama huo bila tope ameondoa sababu yenyewe ya ushindi. Na tope lina tabaka: la jana limekauka na kupauka, la saa hizi ni jeusi na linang'aa kwa unyevu. Tabaka la chini ulipige bila mng'ao, la juu uliguse kwa klia kidogo. Ukichanganya yote pamoja, unapata uji.

Hoja ninayosikia mara nyingi dhidi ya haya ni kwamba vumbi ni kichaka cha kufichia makosa. Anayesema hivyo hajawahi kulijaribu kwa dhati. Vumbi laini linaingia kwenye kila mkwaruzo wa msasa, kila tone la gundi lililovuja, kila mstari wa maungio usiozibwa vizuri, na linaviandika vyote kwa rangi tofauti. Bodi inayobeba vumbi inatakiwa iwe imepigwa rangi vizuri kuliko ile ya kung'arishwa, maana klia nene haipo kukuokoa.

Wala si jambo geni kwetu. Watoto wa Afrika Mashariki wameunda magari kwa waya na makopo vizazi na vizazi, matairi ya kandambili zilizokatika, usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama. Tazama wanachokumbuka kuweka: keria, mapazia ya tope nyuma ya matairi, kioo cha pembeni kilichochomoza, jina la basi ubavuni. Wanaunda lori walilolipisha njia asubuhi, pamoja na mzigo wake na mwinamo wake upande mmoja kwa sababu ya springi iliyochoka. Hakuna aliyewafundisha kutazama hivyo. Siku moja mtoto wa jirani alisimama mezani kwangu, akaitazama Land Rover niliyokuwa naimalizia, akauliza, "Anko, hii imetoka shamba?" Nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu gari hilo.

Ningependa jicho hilo liende mpaka kwenye magari yetu ya kila siku. Peugeot 504 ya abiria yenye keria iliyoota kutu pale inaposhika paa. HiAce yenye mlango mmoja wa rangi tofauti na bodi. Isuzu iliyochuruzika dizeli chini ya kifuniko cha tangi mpaka vumbi likaganda kwa mstari mweusi. Kuna vitu huko ambavyo hakuna kiwanda kitakuwekea kwenye boksi, na magari yenyewe yanazidi kupungua barabarani. Anayeweza kupiga picha, apige na chini ya gari pia, na ndani ya matao ya matairi. Wapigapicha wengi huishia ubavuni.

Kwa sasa mezani nina Peugeot 404, bodi naichonga mwenyewe. Nataka iwe gari la Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell, walioshinda Safari mwaka 1966 na wakarudia 1967. Umbo la gari halinisumbui, vipimo vyake vinapatikana. Shida yangu ni picha. Nyingi nilizoziona za miaka ile ni za rangi nyeusi na nyeupe, na tope lote linatoka kijivu. Kwa hiyo naomba: kama una mzee nyumbani aliyesimama kando ya barabara kuyatazama magari yale yakipita, muulize palikuwa wapi, na udongo wa hapo siku ile ulikuwa wa rangi gani. Akisema mwekundu, muulize mwekundu wa namna gani, wa tofali au wa kutu. Na kama barabara ile bado haijawekwa lami, nichotee udongo wake, kiasi cha kujaza kiberiti kinatosha.