Nairobi uende, ama ukae tu Nakuru?

Mtoto wa dadangu amemaliza kozi ya umeme hapa Nakuru na sasa kila jioni ni swali moja, anko niende Nairobi ama nitafute hapa hapa? Kuna binamu yake ako na bedsita, chumba kimoja, huko Nairobi mtaa wa Kahawa West, amemwambia aje wabanane mpaka mambo yakae sawa. Mimi nilikaa Nairobi miaka sita kwa hivyo wanafikiri naijua.

Wale wa kumwambia asiende huanza na pesa, eti maisha ya huko ni ghali. Hiyo kwangu haina nguvu, nyumba za huku Section 58 nazo zimepanda na pakiti ya unga haikuulizi uko kaunti gani. Chenye Nairobi inakula ni masaa. Nilikuwa naishi Githurai, jirani na hiyo Kahawa West, kazi Industrial Area, saa kumi na moja asubuhi niko steji, nashuka town, halafu nafuata umati kwa miguu tunapita Muthurwa, kwa sababu kupanda gari ya pili ni kumaliza pesa ya lunchi, na jioni mvua ikianza tu konda anabadilisha bei ukiwa ushashika mlango, hamsini inakuwa mia, utamshtaki wapi? Ukifika nyumba ni saa tatu. Ile barabara ya juu ya kulipia walifungua 2022, Mlolongo hadi Westlands, kilomita kama 27 na ni safi sana, lakini mtu wa Githurai inamhusu nini.

Sasa wale wa kusema aende, wao husema kila kitu kiko Nairobi. Utasikia wengine wakiwajibu kwamba ugatuzi ulikuja 2013, Nakuru yenyewe ikapewa hadhi ya jiji 2021, na karatasi mingi za serikali unatoa Huduma Senta bila hata kuvuka Gilgil. Ni kweli, lakini karatasi si kazi. Fundi wa stima anafuata mahali majengo yanainuka na lifti zinaharibika, na kampuni nyingi ofisi kubwa bado iko kule, ya huku ni tawi, meneja akitaka kuandika mtu mmoja lazima kwanza apige simu Nairobi. Hapo siwezi bishana. Pale Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki town, nilijua vijana walianza na meza ndogo nje ya duka la mtu mwingine wakirekebisha redio, na wakatoka kimaisha.

Kitu inanisumbua ni ingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 4.4 huko Nairobi, na ukiuliza mtu kwao ni wapi atakwambia Siaya, Nyamira, Kakamega. Mji wenyewe ulianza 1899 kama kambi ya reli, treni ipumue kidogo kabla ya kupanda na kushuka Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Victoria, na sisi mpaka leo tunaukalia hivyo hivyo, kama steji. Desemba tunautoroka. Miaka sita yote msitu wa Karura sikuwahi ingia, na pale Akaivs, jumba la kumbukumbu za taifa town, nilikuwa napita nje kila siku nikikimbilia gari, ndani hata sijui kunanukaje. Ndio maana mtu akiniambia Nairobi ni mbaya ama ni tamu mimi humuuliza kwanza alikuwa anapanda matatu namba gani, kwa sababu wa Rongai na wa Embakasi hawaongei juu ya mji mmoja.

Mimi nasema aende, lakini si hii ya kulala Kahawa West na kutafuta kazi ng'ambo ile ingine ya mji. Apate kibarua kwanza hata cha mkono, alafu akae karibu nacho, hata kama ni chumba cha mabati Mukuru, pale kando ya Industrial Area. Dadangu akisikia hiyo atanuna mpaka Krismasi.

Jana kijana akaniuliza, anko, kutoka Kahawa West hakuna njia ya kufika Industrial Area bila kuingia town? Nikakaa kimya. Sikuwahi jaribu hata siku moja.