Mheshimiwa, achana na "ni lini"

Bunge likikaa Dodoma, saa 3:00 asubuhi mimi nipo kwenye simu nasikiliza maswali. Sina kadi ya chama wala sifanyi kazi ya siasa. Ni mazoea tu, kama wengine walivyo na mpira. Mwaka 2016, TBC, runinga ya taifa, iliposimamisha kurusha vikao moja kwa moja kwa sababu ya gharama, nilijihisi kama shabiki aliyefungiwa uwanja. Mijadala ya bajeti inanichosha. Maswali ni mafupi na yanataja mahali: daraja la kijiji fulani, zahanati isiyo na paa, kivuko kilichoharibika. Ukisikiliza mkutano mzima umeizunguka nchi bila kulipa nauli.

Baada ya miaka yote hiyo nimehifadhi majibu. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Halafu inakuja upembuzi yakinifu, unafuata usanifu wa kina, kisha mlango unafungwa taratibu kwa "kadri ya upatikanaji wa fedha". Mbunge anasimama tena: "Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza." Majibu mazuri! Dakika moja iliyopita ameambiwa barabara yake haipo kwenye mpango, naye anashukuru. Najua ni adabu ya ukumbi. Ila siku nyingine natamani angesema tu: "Pamoja na majibu ya Naibu Waziri," akaishia hapo.

Nawalaumu mawaziri, lakini leo nina neno na wanaouliza. Swali linalopendwa kuliko yote mle ndani ni "Je, ni lini Serikali itajenga...?" Linasikika kali, linakatwa vipande na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya jimbo, na wapiga kura wanaona mtu wao anapambana. Kumbe ndilo swali rahisi kuliko yote kulikwepa, kwa sababu linauliza kesho, na kesho haina risiti.

Tuseme kuna mbunge kutoka pwani ya kusini, wa kufikirika, mwenye mambo matatu: usafiri, nyumba na utalii wa utamaduni. Atapangiwa maswali matatu, siku tatu tofauti, mbele ya mawaziri watatu au zaidi. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa hiyo Wizara ya Ujenzi. Barabara ya kutoka hapo kwenda kijijini ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kivuko cha Serikali kiko chini ya TEMESA, wakala wa ufundi na umeme, tunarudi Ujenzi; gati ni la TPA, mamlaka ya bandari, na hiyo ni Uchukuzi, wizara ambayo tangu 2023 imetenganishwa na Ujenzi. Nyumba ya mwalimu ni TAMISEMI, nyumba ya mtumishi inaweza kuwa ya TBA, wakala wa majengo ya Serikali, na nyumba ya NHC, shirika la nyumba la taifa, iko kwa Waziri wa Ardhi. Magofu ni Maliasili na Utalii. Ngoma zinazochezwa pembeni ya magofu ni za wizara ya utamaduni.

Kila waziri atajibu kipande chake, na huenda kila mmoja akasema kweli. Shida ni kwamba mwananchi haishi vipande vipande hivyo.

Nilikwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu kwenye pwani hiyo hiyo ya kusini, kama mgeni wa kawaida, na mfuko wa mtu wa kawaida. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la Lindi au Mtwara unashuka Nangurukuru, njia panda, unatafuta usafiri mwingine wa kukufikisha Kilwa Masoko. Pale gatini unapata kibali, kisha unatafuta mashua. Mashua haina ratiba, ina watu. Wakitimia mnaondoka, wasipotimia mnaikodi nzima au mnasubiri, na wakati huo huo maji yanapwa. Tulipofika upande wa pili nilishuka na viatu mkononi, suruali nimeikunja hadi magotini, mbele yangu mama mmoja kabeba mtoto mgongoni na gunia la unga kichwani. Yeye hakuwa mtalii. Ile ndiyo barabara yake ya kila wiki.

Halafu unatembea kidogo tu, na mbele yako unasimama Msikiti Mkuu. Matumbawe na chokaa, nguzo zimejipanga, na juu kuba zilizobaki zinaingiza mwanga kwa matundu. Ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa baadaye, wakati Kilwa ikishika biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alipita mwaka 1331 na akausifu mji. Kando kidogo kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani lililotazama bahari, lenye bwawa la pembe nane lililochongwa kwa ustadi unaokufanya ukae kimya. UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya hatari 2004 kwa jinsi kuta zilivyokuwa zikiliwa na bahari na mizizi, kisha ikayatoa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Hiyo ni kazi iliyofanyika na kuonekana, na nataka isifiwe.

Kijana aliyetuongoza aliniambia jambo ambalo sijalisikia likijibiwa Bungeni. Wageni, alisema, wanakaa saa mbili, tatu, wanaangalia saa, wanaangalia bahari, wanaondoka kabla maji hayajawakwamisha. Hawalali. Asiyelala hanunui chakula cha jioni, hafungui mlango wa nyumba ya mtu, hasikilizi hadithi ya bibi usiku, hamlipi mpiga ngoma. Anapiga picha, basi.

Kwa hiyo unapouliza "ni lini Serikali itakuza utalii wa utamaduni Kilwa", umeuliza kuhusu mashua. Na ukiuliza kuhusu mashua, umeuliza kuhusu kitanda. Hilo haliwezi kujibiwa na waziri mmoja kwa dakika tatu, na ndiyo maana linajibiwa kwa kuambiwa kuna matangazo yanafanyika nje ya nchi.

Nyumba nazo zina kisa chake. Kisiwani watu wanaishi katika nyumba za miti na udongo, hatua chache kutoka kuta za mawe zenye umri wa mamia ya miaka. Ukienda Kilwa Kivinje, mji wa zamani upande wa bara, au Bagamoyo, mambo yamegeuka: watu wanaishi ndani ya historia yenyewe, katika nyumba za mawe zilizochoka, paa limeingia mvua, na mlangoni kuna nakshi ambayo mgeni anaipiga picha bila kubisha hodi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na inautaja hata mlango wa mbao ulionakshiwa kabla ya 1940. Naiunga mkono sheria hiyo kwa asilimia mia. Lakini ukimwambia mjane asiguse mlango wake kwa sababu ni mali ya taifa, taifa lenyewe limsaidie nini na paa lililo juu ya mlango huo? Hilo ni swali la nyumba au la utalii? Ukilipeleka Ardhi watasema ni la mambo ya kale. Ukilipeleka Maliasili watasema nyumba ni ya mtu binafsi. Na wakati barua zinasafiri, mvua haisubiri. Tuliona Zanzibar, Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la zamani la sultani, ilipoporomoka ikiwa katika ukarabati na kuua mafundi. Lile lilikuwa jengo maarufu kuliko yote Mji Mkongwe, linalojulikana na kila mtu. Fikiria nyumba ya uchochoroni Kivinje.

Barabara ndiyo ilitupa somo Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita. Barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakapanga foleni huku na huku, na ghafla Lindi na Mtwara zikawa mbali na Dar es Salaam kuliko zilivyokuwa wiki moja kabla. Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa 2003, lilitufanya tusahau enzi za kivuko na masika. Hidaya alitukumbusha kwa siku chache. Miezi miwili baadaye treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, nami niliipanda kwa furaha kama mtoto. Ila nakiri, nikiwa kwenye kiti kile laini niliwaza wale waliolala Somanga.

Sasa Mheshimiwa aulize nini? Ibara ya 63 ya Katiba inampa ruhusa ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali lolote. Kwa nini ajifunge kwenye "ni lini"? Aulize yaliyokwishapita, maana hayo yana karatasi. Ile barabara tuliyoambiwa mwaka jana kwamba usanifu unaendelea, mhandisi alifika eneo la kazi mara ngapi, na amelipwa kiasi gani? Viingilio vilivyokusanywa kwenye magofu mwaka uliopita vilikuwa shilingi ngapi, na ngapi zilirudi kwenye gati lile lile ambalo mgeni na yule mama wanapandia mashua? Akijibiwa kwa tarakimu, tumepata kitu. Akijibiwa "tutampatia Mheshimiwa kwa maandishi", tumepata kitu pia, kwa sababu sasa tunajua pa kubana.

Na mtu aandike. Bunge la India lina kamati tangu 1953 ambayo kazi yake ni kukusanya ahadi mawaziri walizotoa ukumbini na kuzifuatilia moja moja hadi zitekelezwe au waziri aeleze imeshindikana kwa nini. Haihitaji tekinolojia, ni daftari na watu wasiosahau. Hansard zetu, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zipo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Niliwahi kukaa jioni nzima nikitafuta neno "kivuko" tu, na kufika usiku nilikuwa nimekutana na swali moja likiulizwa na wabunge tofauti katika mabunge tofauti, jibu likiwa ni lile lile, hata koma hazikuhama.

Wiki iliyopita nilimwandikia mbunge wangu WhatsApp. Nilimwekea maswali mawili ya nyongeza, yameshapangwa vizuri, moja la mapato ya viingilio na moja la gati, asome tu. Tiki mbili zikawa za bluu ndani ya dakika tano. Nikasubiri. Jibu lilikuja usiku, na nikalisoma kwa sauti ya Naibu Waziri bila kukusudia:

"Asante sana ndugu yangu. Limepokelewa, linafanyiwa kazi."