Kasi ya Mtetemo na Ugumu wa Graniti ya Mwanza: Namba za Kuaminiwa kwa Kiasi

Anayeyatazama mawe ya Bismarck yaliyosimama majini huamini kwa urahisi kwamba Mwanza nzima imekalia mwamba mmoja mgumu. Imani hiyo huwafanya baadhi ya wenye miradi, kila mhandisi mshauri anapotaka fedha za kuchoronga, waulize kwa nini mtetemo usipimwe juu ya ardhi tu na ugumu wa mwamba ukapatikana kwa hesabu. Swali hilo ni halali, ila jibu la Capri Point penye miamba haliwezi kuwa lilelile la bonde la mto Mirongo.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Jiofoni, yaani vihisi vya mtetemo, huchomekwa ardhini kwa mstari, fundi hupiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa, na kompyuta huandika muda ambao mtetemo umetumia kufika kwa kila kihisi. Wimbi la P, linalobana na kuachia mwamba kuelekea linakokwenda, hutangulia. Wimbi la S, linaloutikisa mwamba kwa upande, hufuata. Kasi hizo mbili pamoja na densiti ya mwamba zinatosha kutoa sifa zote za unyumbufu, yaani jinsi mwamba unavyobonyea na kurudi, mradi mwamba uwe na tabia moja kila upande. Tuchukue graniti nzima yenye densiti ya kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, kasi ya P ya mita 5,500 kwa sekunde na kasi ya S ya mita 3,200. Densiti ikizidishwa kwa mraba wa kasi ya S inatoa moduli ya mkato, yaani ugumu wa mwamba dhidi ya kusukumwa kwa upande, ya gigapaskali 27 hivi; kutokana nayo na uwiano wa Poisson (jinsi mwamba unavyotanuka kando ukikandamizwa) wa 0.24, moduli ya Young, yaani ugumu wake dhidi ya kukandamizwa, inakuwa takriban gigapaskali 67. Mraba huo hauna huruma: kasi ya S ikikosewa kwa asilimia 10 kwenda juu, moduli ya mkato inapanda kwa asilimia 21.

Wanaotetea njia hii wana hoja nzito kuliko ile ya gharama. Kipande cha mwamba kinachopelekwa maabara ni kile kilichotoka kizima kwenye bomba la kuchoronga. Sehemu zilizovunjika, ambazo ndizo zitakazolisumbua jengo, hubaki zimetupwa sandukuni kama vifusi. Mtetemo hauchagui namna hiyo, kwa kuwa hupita katika mwamba pamoja na nyufa zake. Ndiyo maana kasi ya uwanjani ikigawanywa kwa kasi ya kipande kizima cha maabara, kisha jibu likapandishwa mraba, hupatikana kielelezo kizuri cha jinsi mwamba ulivyopasuka. Mwamba usiopasuka ungetoa 1; mita 3,300 uwanjani dhidi ya 5,500 maabara zinatoa 0.36, na namba hiyo peke yake inatosha kumzuia mhandisi kutumia zile gigapaskali 67.

Hata hivyo, kinachopimwa na mtetemo si kile ambacho msingi utakifanya. Wimbi la nyundo huubonyeza mwamba kwa kiasi kidogo mno, sehemu moja kwa milioni au pungufu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Jengo hubonyeza zaidi, na kwa miaka. Nyufa ndogo hupata nafasi ya kufumba na chembe hupata nafasi ya kuteleza. Kwa sababu hiyo moduli ya mtetemo kwa kawaida huwa juu ya ile inayopatikana kwa kukandamiza mwamba polepole kwenye mashine. Katika graniti isiyochakaa tofauti huwa ya kuvumilika, lakini katika iliyochakaa na kujaa nyufa inaweza kuwa ya mara kadhaa. Kwa bahati mbaya, huko ndiko tunakohitaji namba ya uhakika zaidi, kwa sababu graniti nzima haijawahi kumnyima mtu usingizi kwa uzito wa ghorofa nne.

Mazingira ya hapa yanaongeza matatizo mawili. La kwanza ni maji. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,480 kwa sekunde, na udongo laini uliojaa maji kando ya ziwa huonyesha kasi ya P ya karibu hiyohiyo, hata kama haubebi chochote. Msomaji wa haraka ataona kasi imeruka kutoka 400 hadi 1,500 na kudhani amefika kwenye tabaka gumu, kumbe amefika kwenye maji. Wimbi la S halisafiri majini, kwa hiyo halidanganyiki hivyo. Ripoti ya ufukweni yenye kasi ya P peke yake, kwa maoni yangu, haifai kupokelewa.

La pili ni mawe yenyewe. Graniti ya Mwanza huchakaa kwa kufuata nyufa zake na kuacha mabonge magumu yaliyozungukwa na mchanga wa mwamba uliooza. Upimaji wa kawaida wa mawimbi yanayopinda yanapovuka kutoka tabaka moja hadi jingine huchukulia kwamba kasi inaongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo tabaka laini lililo chini ya gumu halionekani kabisa. Tena, mtetemo wa mizunguko 50 kwa sekunde katika udongo wenye kasi ya mita 1,500 una urefu wa wimbi wa mita 30, na bonge la mita tatu hupotea ndani yake.

Kwa hiyo ningeupa mtetemo kazi ya kwanza, si ya mwisho: upimwe eneo lote, P na S, ili uonyeshe pale kasi inapobadilika, kisha mtambo uchoronge pale kasi iliposhuka na pale ilipopanda kupita matarajio. Shimo lishuke mita kadhaa ndani ya kinachoitwa mwamba, kwa kuwa nusu mita ya graniti safi inaweza kuwa bonge tu. Vipande vichache vikikandamizwa maabara, uwiano wa moduli ya mtetemo na ile ya mashine utajulikana, na kasi za eneo lote zitasahihishwa kwa uwiano wa mwamba wa hapohapo badala ya ule wa kuazima kitabuni. Kwa nyumba ya kawaida mlimani, shimo la kuchimbwa kwa sururu hadi kando na chini ya jiwe litamwambia fundi mengi kwa fedha kidogo zaidi.