Dawa kinga ya kifua kikuu: nani aanze, nani asubiri

Mgonjwa wa kifua kikuu akigunduliwa kwenye zahanati ya kijijini, wanaolala naye chumba kimoja mara nyingi hawafikiwi na mhudumu. Shirika la Afya Duniani linashauri wachunguzwe, na wasioumwa wapewe dawa kinga, yaani dawa ya kuzuia maambukizi yasigeuke kuwa ugonjwa. Mwaka 2018, kwenye Umoja wa Mataifa, viongozi wa nchi waliahidi kuwafikia watu milioni 30 kufikia 2022. Lengo la watu milioni 6 wanaoishi na VVU lilivukwa. Wanafamilia wa wagonjwa, waliopangiwa milioni 24, walifikiwa wachache mno. Si ajabu: mwenye VVU tayari ana kliniki na kadi, ila ndugu wa mgonjwa yuko shambani, mzima wa afya, na hakuna aliyetumwa kumfuata.

Wanaotetea dawa hizi wana ushahidi wa vijijini hasa. Kwenye vijiji vya eneo la Bethel, Alaska, Marekani, familia zilipewa isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, mwaka mzima mwishoni mwa miaka ya 1950. Ugonjwa ulipungua kwa takribani asilimia 70, na nafuu hiyo bado ilionekana miaka 19 baadaye.

Wenye shaka hutaja migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipewa isoniazidi kwa miezi tisa bila kuchagua nani aliambukizwa; matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha kuwa kinga iliisha upesi walipoacha vidonge. Hoja ni nzito, lakini haiigusi sana familia ya mgonjwa. Mgodini maambukizi mapya yaliendelea kila siku. Nyumbani chanzo kinajulikana na kinatibiwa, na hatari kubwa ya kuugua iko ndani ya miaka miwili ya kwanza baada ya kuambukizwa.

Kinachonipa wasiwasi ni uchunguzi wenyewe. Kuuliza kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda hakugharimu kitu, ila tafiti za kitaifa zimeonyesha kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa uliothibitishwa hawana dalili hizo. Bila eksirei, mgonjwa halisi anaweza kupewa isoniazidi peke yake, na vimelea vyake vikazoea dawa.

Kisha kuna mizani ya faida. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio watakaougua maishani. Wengine wote watakuwa wamemeza bure, huku isoniazidi ikiweza kudhuru ini, hasa la mtu wa makamo au mnywaji wa pombe. Mtoto wa chini ya miaka mitano ni habari nyingine kabisa: kwake ugonjwa huenda mbio, mara nyingine hadi kwenye utando wa ubongo, na hahitaji kipimo cha ngozi cha kuonyesha maambukizi kabla ya kuanza.

Dozi 12 za kila wiki za isoniazidi na rifapentini, dawa nyingine ya kifua kikuu, zimerahisisha mambo kuliko miezi sita ya kidonge kila siku. (Rifapentini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango; mama asipoambiwa, atajua akishapata mimba.)

Kwa maoni yangu, watoto wadogo na wenye VVU waanze sasa, mradi wamekaguliwa vizuri. Watu wazima waanze pale tu eksirei inapofikika na mhudumu anaweza kurudi nyumbani kuwaona. Na ripoti za wilaya zihesabu waliomaliza dozi. Walioanza ni rahisi kuwahesabu, ndiyo maana ripoti zinawapenda.