Teksi ya Glass na bajaji ya mwalimu wetu

Jumamosi tulivunja kamati ya harusi hapa Shangani, Mtwara. Msimu wa korosho ndio huu, harusi hazipishani. Mhasibu akasoma matumizi: mpambaji, mpishi, MC, mpiga picha, keki. Akafika kwa mpiga kinanda, mwalimu wetu wa kwaya, yule aliyemtungia bibi harusi wimbo wa kuingilia, sauti zote nne, akikesha na nota hadi saa nane usiku: "Soda, na nauli ya bajaji." Bajaji yenyewe ni yake! Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilipohoji, mzee mmoja akanituliza: "Mwanangu, kipaji ni cha Mungu." Sawa, baba. Na mdomo wa MC ulinunuliwa duka gani?

Kijana mmoja msomi akaongezea kwamba hata Philip Glass, mtunzi mkubwa wa Marekani, aliendesha teksi. Kweli kabisa. Novemba 1976 opera yake ilionyeshwa Metropolitan Opera, New York, ukumbi ukafurika, naye akabaki na madeni na kurudi kwenye usukani. Teksi aliiacha akiwa na miaka 41. Kabla ya hapo alifanya hadi ufundi bomba.

Lakini kisa hiki huwa tunakikatia njiani, kwa sababu kinatufaa hivyo. Glass alipoanzisha kundi lake 1968, mwenyewe akiwa kwenye kinanda, nota zake hakuzigawa ovyo. Unautaka muziki wake? Mwite yeye na wenzake, walipe. Kazi ilibaki mkononi mwa mwenyewe hadi ikaanza kumlisha.

Mwalimu wetu je? Nota zikitoka mazoezini Jumatano, Ijumaa zipo WhatsApp, Jumapili zinaimbwa Masasi na Nachingwea. Pale juu kulia penye jina lake pamezibwa na kipande cha karatasi wakati wa kutoa kopi. Nimeiona hiyo kopi kwa macho yangu! Kuna kwaya imerekodi kabisa. Video ina njiwa, ina mawingu, ina vitenge vya sare, ina shukrani kwa aliyekodisha jenereta. Mtunzi hayumo.

Haya, ibada si biashara, na wapo watunzi wanaosema wenyewe kuwa wanamtolea Mungu. Nakubali, shingo upande. Ila sadaka mtu huitoa, hachomolewi mfukoni. Sheria ya sasa ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo; aliyewahi kuitumia kwa wimbo wa kwaya aje nimnunulie chai na chapati.

Jana nimepanda bajaji yake kutoka Ligula kwenda Mikindani. Njia nzima anavumisha besi, kidole kinagonga usukani.

"Mwalimu, huo mpya?"

"Wa Noeli. Tenor bado inanisumbua."

Tulipofika nikampa noti ya elfu kumi. Akaanza kupekua mifuko atafute chenji. Nikashuka haraka.