Misitu Iliyozoea Moto Kabla Hatujaanza Kuuzima

Wapangaji wa misitu na maji wamezoea kuvichukulia vipimo vya miaka mia moja kuwa ndiyo hali ya kawaida ya nchi, ilhali pete za miti, yaani miviringo ndani ya shina ambayo kwa kawaida huongezeka mmoja kila mwaka, zinaonyesha kwamba karne hiyo mara nyingi ndiyo iliyokuwa ya ajabu.

Tuanze na moto. Moto wa chini unapoupitia msonobari mkubwa, joto huua tabaka hai lililo chini ya gome upande mmoja tu, na mti husalimika. Miaka inayofuata, pete mpya huota kutoka kingo za jeraha na kulifunika polepole, hadi moto mwingine upite na kuacha kovu jingine kando ya lile la kwanza. Mtafiti akikata kipande cha kisiki chenye makovu na kukipiga msasa mpaka king'ae, hadubini humwonyesha mwaka wa moto na hata majira yake: kovu likiwa katika sehemu ya pete yenye rangi nyepesi, moto ulipita mapema katika msimu wa ukuaji, likiwa katika ukingo mweusi, ulipita msimu ukielekea ukingoni. (Kuhesabu tu hakutoshi, kwa kuwa mti uliobanwa na ukame huweza kupitisha mwaka bila pete, ndiyo maana mpangilio wa pete nene na nyembamba hulinganishwa mti kwa mti, utaratibu ulioendelezwa na mwanafalaki A. E. Douglass huko Arizona.)

Katika misitu mingi ya misonobari ya magharibi mwa Marekani, makovu hayo yanaonyesha mioto midogo iliyorudi tena na tena kwa karne kadhaa, kisha, kuelekea mwisho wa karne ya 19, inakatika. Mifugo ilimaliza nyasi zilizosambaza moto, wenyeji waliochoma misitu kwa mpango wakazuiwa, na baada ya mioto mikubwa ya 1910 sera ya kuzima ikashika kasi, hata kufikia 1935 kila moto ulitakiwa uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Matokeo yake ni miti michanga na matawi makavu yaliyorundikana, kiasi kwamba moto ukiwaka hupanda hadi vileleni na kuua hata miti mikongwe. Naona vigumu kuiita sera hiyo hifadhi.

Kosa kama hilo la kuichukulia hali ya ajabu kuwa ya kawaida liliukuta pia Mto Colorado, huko huko magharibi mwa Marekani: mkataba wa 1922 kati ya majimbo uligawa maji yake kwa kutegemea kipindi ambacho pete, katika utafiti wa Stockton na Jacoby wa 1976, zilibainisha kuwa kilikuwa na maji mengi kuliko kawaida.

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba kovu hubaki kwenye mti uliosalimika tu, na kwamba misitu ya milima yenye baridi kwa asili huungua mara chache lakini kwa ukali. Kwangu hiyo ni sababu ya kuchukua sampuli katika kila msitu kabla ya kuupangia sera, tena mapema, kwa kuwa visiki vya kale vyenye makovu hayo navyo vinateketea katika mioto ya sasa.