Lau reli isingesimama Nairobi

Hapa Mombasa mazungumzo haya hayaishi. Kaa barazani Kibokoni baada ya alasiri, kahawa chungu ikipita mkono kwa mkono, na hutachelewa kumsikia mtu akisema: lau Nairobi isingekuwako, leo sisi ndio tungekuwa Dar es Salaam. Watu hutikisa vichwa. Nami nimetikisa changu miaka mingi, ila siku hizi naona hesabu hiyo tunaipiga vibaya.

Kisa chenyewe tunakijua. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896. Mei 1899 ikafika kwenye uwanda wa tope, maili 327 kutoka hapa, mahali Wamaasai walipopaita kwa maji yake baridi. Wajenzi walisimama pale kwa kuwa mbele yao kulikuwa na miinuko mikali ya kuelekea Bonde la Ufa, na hapo ndipo palipokuwa na ardhi tambarare ya kuegesha vichwa vya treni na kuweka karakana. Mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka kwetu. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni nayo ikafuata reli. Ilichukua miaka sita tu, na mji uliojulikana na mabaharia tangu kabla Ibn Battuta hajapita hapa mwaka 1331 ukawa wa pili kwa kambi ya reli.

Wako wanaosema bahati ilituponyoka mwaka 1902, tauni ilipoingia Nairobi na soko la Wahindi likachomwa moto. Mji ungeachwa wakati ule, wasema, na kiti cha serikali kingerudi kisiwani. Siamini. Walowezi walitaka ardhi ya juu na baridi yake, na pwani waliiogopa kwa malaria. Nairobi ingekufa, wangejenga nyingine hukohuko. Muulize mtu wa Machakos. Waingereza walikuwa na kituo pale kabla Nairobi haijawa chochote, reli ikapita mbali nacho, na mambo yakaishia hapo.

Lakini tuseme kiti kingebaki. Kisiwa chetu ni takribani kilomita za mraba 14. Sehemu ya maji yetu inatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kwa bomba, na hata sasa mikokoteni ya madumu ya maji inapita mitaani kila asubuhi. Wizara, balozi na majengo ya bunge vingekaa wapi? Vingevuka Makupa hadi Changamwe, vikapanda Mazeras mpaka Mariakani. Na kabla ya hapo vingeula Mji wa Kale. Nyumba zenye milango ya nakshi kule Ndia Kuu zimesalia kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kupajenga. Nazipenda nyumba zile, na sina hakika ningezitoa niwe mkazi wa mji mkuu.

Halafu kuna hao Dar es Salaam tunaowaonea wivu. Mji wao una watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, sisi tulikuwa milioni 1.2 mwaka 2019. Lakini iangalieni Bagamoyo, iliyokuwa makao ya Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mji mkubwa wa pwani hula miji midogo ya pwani kwanza, kabla haujaliona bara.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu bibi yangu mzaa mama ni wa Malindi. Malindi ndiyo iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498, akapata rubani wa kumvusha hadi India, baada ya Mombasa kumwonyesha ubaya. Kwa karibu miaka mia Malindi ndiyo iliyokuwa rafiki wa Mreno. Kisha Wareno wakaitwaa Mombasa, wakaanza ngome mwaka 1593, na shehe aliyetawala Malindi wakamleta akae huku. Malindi ikadidimia. Bibi alipokuwa akitusikia tukiilaani Nairobi alikuwa akisema, "Nanyi kwetu mlichukua nini?" Hatukuwa na jibu, na mimi sijalipata bado.

Lugha nayo ina kisa chake, na hapa mpinzani hata si Nairobi. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika hapahapa Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1844, alikuwa amejifunza lugha hii kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Nilipokuwa darasa la nne niliandika "nde" nikimaanisha nje, na "mato" nikimaanisha macho, kama mama anavyosema. Mwalimu akayapigia mstari mwekundu yote mawili. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba hajui Kiswahili. Alininyamazia, akaendelea kukuna nazi. Sijaisahau sauti ya mbuzi ile.

Hata hivyo naamini serikali ingekaa Mombasa, Kiswahili kingeingia ofisini mapema zaidi. Liwali, mwakilishi wa sultani hapa pwani, na kadhi walikuwa wakiamua kesi za watu kwa lugha ya watu. Mkoloni angeandika kwa Kiingereza, sawa, lakini mtu wa dirishani angekuwa wetu, na anayekwenda dirishani angeelewa anachoambiwa. Badala yake Kenya ilingoja hadi Katiba ya 2010 ndipo Kiswahili kikawa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mzee wa Kisauni anayepewa fomu ya ardhi asiyoweza kuisoma analipa gharama ya 1905 mpaka leo.

Kwangu hiyo ndiyo hasara. Ukubwa siulilii. Tulipoteza usemi juu ya mlango wetu wenyewe, yaani bandari, na hilo nililiona Changamwe, kwa shangazi yangu.

Alikuwa na kibanda karibu na yadi ya malori, mahamri na mbaazi za nazi, mabenchi mawili. Alfajiri madereva na utingo wao walijaa, wengine wakila wamesimama. Reli mpya ilipoanza mwaka 2017, muda si mrefu ikatoka amri kwamba kontena za bara zipakiwe treni, zikatolewe forodhani kule Nairobi. Malori yakapungua. Mawakala wakafunga ofisi, gereji zikabaki na mafundi wanaocheza drafti. Mwaka 2019 watu waliandamana barabarani. Nilikwenda kumtazama siku moja, akanipangusia benchi. "Ndoo ukae kitako," akaniambia. "Kontena zimekwenda zao, mwanangu, mimi n'mesalia na mbaazi zangu." Sufuria ilikuwa imejaa, na saa tatu ilikuwa imepita. Aliyetia saini amri ile sidhani aliwahi kupita njia ile kwa miguu.

Bandari haikuhama. Maji ya Kilindini yalikuwa na kina kilekile, meli zilikuwa zikitia nanga kama kawaida. Kilichohama ni kalamu.

Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo forodhani inarudi Mombasa. Shangazi alisikia redioni, akalia. Wiki chache baadaye moshi ulikuwa ukitoka tena kibandani tangu saa kumi za usiku.

Nilipita juzi. Madereva wapo, mbaazi zinaisha kabla ya saa mbili, na wengine bado wanakula wamesimama. Nikamuuliza mbona halitoi benchi la pili. Liko chumbani kwake, akasema, limeegemea ukuta, na nguo amezianika juu yake. Amri ile ilikuja kwa siku moja, na hajui nyingine itakuja lini.